Mlingoti Uwanjani

Kwako Dada mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha tele. Hujambo? Shemeji na wapwa zangu wazima? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mwambie dawa ya kuchua nimeshapata, nitaileta mwenyewe. Mimi ni mzima, na kazi ya kiwanda cha uchapaji nimeizoea. Wino tu ndio umegoma kutoka kwenye kucha.

Dada, utanicheka. Siku niliyoanza kazi, meneja aliniangalia kuanzia viatuni mpaka kichwani, akasema, "Huyu mpira wa kikapu amezaliwa nao!" Wewe uliyenilea unaijua mikono yangu: hata shati ukinirushia linaanguka. Lakini nilikuwa kwenye majaribio ya kazi, nikaogopa kwamba nimeajiriwa kwa ajili ya kimo. Nikatabasamu tu. Jioni hiyo hiyo nikapewa jezi, nikapigwa picha nimeshika mpira, na jina nikabandikwa: Mlingoti. Kila nilipoitwa mazoezini nilisingizia goti.

Ikaja mechi na watu wa kiwanda cha mikate, na goti halikuniokoa. Timu ni za mchanganyiko, wanawake kwa wanaume. Upande wetu alikuwepo mhasibu, dada mfupi, mnene kidogo, mwenye miwani. Ofisini tunamwogopa, risiti ikikunjamana tu, anakurudisha nayo. Nilipomwona na jezi nikajua amekuja kukamilisha idadi. Watu wa mikate nao wakajua hivyo hivyo. Wakamtazama, wakacheka, wakamwacha peke yake. Watatu wakaja kunikaba mimi.

Basi kazi yangu ikawa kukimbia huku na huku nimeinua mikono, nao nyuma yangu kama vifaranga. Mhasibu, Dada, akidaka mpira hana maneno mengi: anatumbukiza, anarudi, anatumbukiza tena. Mimi mpira ulinigonga pua, mashabiki wakapiga makofi wakidhani ni mbinu. Tukashinda. Wakanibeba mimi juu juu. Yeye aliyefunga wakamwachia chupa za maji akusanye.

Hapo raha ikaniisha. Nikashuka, nikamfuata, nikamwambia ukweli wote. Akaangua kicheko. Alisema alijua tangu siku ya ile picha, maana mpira niliushika kama anavyoshikwa mtoto aliyejikojolea. Yeye ndiye aliyemwomba kocha anipange. "Wakikutazama wewe, mimi nani ananiona?" Kisha akaokota chupa nyingine, akaniambia ameichezea timu ile tangu ianzishwe na hajabebwa hata mara moja.

Maneno hayo yaliniingia. Kesho yake nikaenda kwa meneja, nikasema mbele ya wote nani hasa alishinda mechi, na kwamba goti langu halina kasoro. Nilitegemea kufukuzwa. Meneja akabaki kushangaa: aliniajiri kwa sababu mwenzangu wa kabla yangu alikuwa akianguka ngazini kila akitoa karatasi rafu za juu!

Sasa jambo lenyewe, Dada, na ukae chini kwanza. Tangu siku ile mimi na mhasibu tunarudi nyumbani pamoja kila jioni. Nimemwomba tuoane, naye amekubali, kwa sharti nijifunze kudaka. Tunakuja mwisho wa mwezi. Tafadhali mwandae Mama, maana akisikia "mhasibu" atadhani namletea mtu wa kumhesabia vijiko. Mwambie amsikie anavyocheka kwanza.

Wabusu watoto, na Shemeji mpe mkono wangu. Nawakumbuka nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Mlingoti