Matundu ya Wimbo wa Harusi

Baba Anyitike,

Uji wa mtoto uko kwenye chupa ya chai, mnyweshe kabla hajalia. Nimekwenda kanisani, kwenye ile piano inayojipiga yenyewe kwa karatasi ya matundu.

Asubuhi umeniambia kwa furaha, “Mama Anyitike, panya walikula karatasi yako, nimeiziba yote kwa ugali.” Fundi wangu wewe! Yale matundu ndiyo wimbo wenyewe. Nimekuwa nikiyatoboa kila nikitoka darasa la jioni. Ndiyo maana niliondoka mezani nalia.

~~Usiiguse tena.~~ Njoo na mtoto, ulete ile karatasi na wembe. Mimi nitaimba, wewe utoboe. Sauti ikirudiwa acha nafasi kidogo, matundu yasiungane. Piano ile inajua nyimbo za Wazungu tu, na kesho dada yako anaolewa. Nataka aingie kwa ule wa Kinyakyusa aliokuwa akiuimba marehemu mama yenu.

Mama Anyitike