Kaburi la Dastan Ndani ya Mita Sitini

Somanda,
Bariadi, Simiyu.
12 Januari 2025

Mpendwa shemeji Athanasi,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mpanda, wewe, mama Josia na watoto, na kwamba ng'ombe wamepata majani. Je, kile kidonda cha mguuni kimefunga? Mama yetu, Mayu, huuliza kila mara.

Sisi tupo. Mayu anakula vizuri, ila macho yanazidi kufifia. Lukresia ameingia darasa la tano. Bado tumepanga vile vyumba viwili karibu na hospitali.

Utashangaa kuona barua wakati namba yako ninayo. Ni Mayu aliyekataa simu. Anasema neno la kumzika Dastan pale lilikuja kwa simu, basi hili la sasa lisipite njia ileile. Nimempa dereva wa lori la ng'ombe akuletee mkononi.

Shemeji, mto unakaribia kulichukua kaburi la mdogo wako.

Mwezi wa nne mwaka jana, maji yalipomkuta Dastan zizini akimfungua ndama, wewe ulikwama njiani kwa sababu daraja lilikuwa limekatika. Ukawapigia wazee, ukasema azikwe palepale nyumbani, kando ya zizi, kwani nyumba ilikwisha kupigwa X nyekundu na penye kaburi hapahamishwi mtu. Wote tuliafiki, hata mimi. Kwetu mtu huzikwa kwake, na kwake hubaki kwa watoto. Tena nilitaka awe karibu. Siandiki haya kukulaumu.

Kumbe kaburi halikuifuta ile X. Mwezi wa tisa tuliitwa mkutano wa mtaa, tukaambiwa kwamba ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto hakuna kujenga wala kukarabati, hata choo. Mzee Kwandu, jirani yetu wa upande wa chini, akasimama akasema yeye na ule mto ni watani, wamekosana mara nyingi na kupatana. Watu wakacheka. Mwenyekiti akamjibu kwamba mtani hamzamishi mwenzake. Kicheko kikakatika, watu wakageuka kunitazama mimi.

Mvua za vuli zimekula ukingo vibaya. Pale kati ya kaburi na maji, ambapo kundi zima la ng'ombe lilikuwa likipita bila kubanana, sasa mbuzi mmoja anapita kwa woga. Msalaba umeinama. Mayu huenda na karai na jembe kujazia udongo, na udongo huteremka nyuma yake kabla hajapumzika.

Mimi niliwaza kujenga. Niliazimia tuzungushe ukuta wa mawe upande wa mto, kisha kaburi lenyewe tulisakafie kwa saruji kama watu wanavyofanya mwaka wa msiba ukikaribia kutimia. Nikaenda ofisi ya mipango miji kuomba kibali. Nilijua nyumba imekatazwa. Sikujua kwamba hata ukuta wa kaburi huhesabiwa ujenzi.

Aliyenisikiliza ni binti mmoja anaitwa Joyness. Nilidhani atanijibu palepale mezani, lakini alikuja mwenyewe kwa bodaboda, akavua viatu, akashuka hadi majini na kamba yake ya kupimia. Alitoa pole kaburini kwanza. Kisha akaniambia taratibu, "Mama, ukuta huu ukisimama, maji yatageukia kwa mzee Kwandu. Siwezi kukuandikia."

Nilitazama kule kwa Kwandu. Wajukuu wake walikuwa wanaanua nguo. Nimeshaona maji yanavyoingia kwa mtu.

Joyness akasema kibali cha kumhamisha marehemu kinaweza kupatikana, ndugu wakikubaliana na kutia sahihi, na bwana afya akiwepo siku hiyo. Parokia nayo imetuonyesha nafasi makaburini, kule juu ambako maji hayajawahi kufika.

Mayu alikataa. Alisema aliyelala haamshwi, na kwamba siku tutakayomtoa Dastan tutakuwa tumeupa mto kiwanja. Sikubishana naye. Aliendelea kwenda na karai lake, nami nikawa namfuata kumshika mkono kwenye utelezi.

Juzi alipiga magoti kupapasa udongo, maana haoni vizuri. Mkono wake ukazama kwenye ufa hadi kwenye kifundo. Akauacha humo kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Andika. Mwambie Athanasi aje amtoe mdogo wake majini. Jembe la kwanza ni lake, mwingine asiguse."

Basi nimeandika.

Najua kwa nini hujafika tangu msiba. Mama Josia aliniambia kwamba ukitajiwa Bariadi unatoka nje. Hapa hakuna anayekungoja na lawama. Dastan mwenyewe angekutania tu kwamba umewapenda ng'ombe kuliko ugali wangu. Unakumbuka alivyokuwa akitoka kwenye pamba, anagonga viatu vyake vya katambuga kizingitini, na kabla ya kunywa maji anaulizia matobolwa, viazi vyake vikavu? Nilikuwa nikimgombeza kwa ule udongo. Sasa nyumba haipo, kizingiti hakipo, na sakafu ya hapa tulipopanga ni safi kila siku.

Njoo kabla ya masika. Usipofika, hakuna atakayethubutu kuanza, na mto hautauliza nani ni mkubwa katika ukoo. Kama nauli ya wote ni ngumu, njoo peke yako. Mayu amekwisha kuwaambia majirani kwamba unakuja.

Nisalimie sana mama Josia, na Veronica, na mdogo wetu Masunga ukimwona mnadani. Lukresia anakuamkia, baba yake mkubwa. Mungu awafunike, awape usingizi, na mifugo yenu ilale salama.

Mimi usinisahau, shemeji. Ukisikia mvua imeanza huku kwetu, nikumbuke.

Ni mimi shemeji yako, mwenye kukuombea mema,
Felisita, mama Lukresia