Nikichelewa, Msianze

Mjukuu na mume wangu Hamisi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Ujiji tu wazima, mama yako anaanika dagaa. Unauliza kama bibi yako nitaiweza safari ya treni hadi Dodoma, kukuona ukiidakia timu ya chuo.

Miaka ile ya wakimbizi, marehemu babu yako naye alikuwa golikipa. Jumamosi moja tunakwenda Mwamgongo kwenye mechi, boti yetu ikaombwa ikawavushe wakimbizi. Babu yako akasema, "Ichukueni. Sisi tutatembea." Mashabiki tukamfuata. Tulifika Jumapili, miguu imevimba, tukawakuta wenyeji bado wanatusubiri uwanjani. Tulifungwa matano, na kuimba hatukuacha.

Tiketi nimeshakata. Niwekee kiti nyuma ya goli lako. Nikichelewa, msianze.

Bibi yako