Kofia ya Pangaboi

Alhamisi. Jua limewaka tangu asubuhi, ziwa limetulia kama maji ya beseni, na mimi nimekasirika.

Kinachonikasirisha ni kofia. Si ya kuvaa. Ni ile kofia yenye ncha inayofunika katikati ya pangaboi, mbele kabisa ya eropleni. Wiki ya tatu sasa tunaitafuta.

Nieleze vizuri. Kazi yangu ni kuamia kwelea, wale ndege wala nafaka, kwenye mpunga wa Mama Nyangeta, huku Bunda upande wa ziwa. Natembea matutani kutwa nikipiga debe na kupayuka. Kaka yake, Mzee Magesa, alikuwa fundi wa chenso, ile misumeno ya injini, kule Butiama. Amechukua injini ya chenso akaitengenezea eropleni ya rimoti, mabawa yake yananizidi urefu. Anasema ikipita juu ya mpunga mara mbili, kwelea watahama wilaya.

Mimi nataka iruke kuliko hata yeye. Binti yangu Tumaini anapata kipaimara Jumapili ya wiki ijayo, kwetu Makete. Nilimwacha akiwa hana meno ya mbele. Nilipoomba ruhusa, Mama Nyangeta alinijibu bila kuinua macho: "Eropleni ya kaka ikifanya kazi yako, nenda. Isipofanya, nani atabaki na ndege wangu?"

Basi, ruhusa yangu imekaa kwenye kofia.

Ya kwanza ilikuwa nusu ya boya la nyavu, tuliipata kwa wavuvi wa Murangi. Nyepesi, ya duara, safi. Siku ya majaribio watu walijaa. Injini ilipopandisha sauti tu, boya likapasuka vipande, kimoja kikachana mkono wa shati la mzee. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo Mzee Magesa hataki kusikia habari ya kuruka bila kofia ya maana.

Ya pili ni kosa langu, na leo nalikiri.

Nilitumwa kupima pua ya eropleni, kisha nimpigie simu fundi wa Musoma anayesubu masufuria ya aluminiamu. Kwetu Makete nilikuwa nakata nguzo, na nguzo tunaipima kwa kuizungushia kamba. Nikazungusha kamba. Inchi kumi na nne. Fundi akaniuliza, "Huo ndio upana wake?" Nikasema ndio. Sikuwa na hakika, ila niliona aibu kuuliza upana anaousema ni upi. Shule niliiacha kidato cha kwanza.

Jana nilienda kuichukua. Jamani! Kofia inatosha kupikia ugali wa msiba. Nimeibeba kichwani stendi nzima ya Musoma, mama mmoja muuza samaki akaniuliza mfuniko wake nimeuacha wapi.

Mzee Magesa aliitazama, akanitazama.

"Huko kwenu mnapimaga eropleni kama kifua cha ng'ombe wa mnada?"

Nikaitua kofia chini.

Leo nimepewa ruhusa ya nusu siku, nikaenda Bunda mjini, duka la vipuri. Safari hii nilibeba pangaboi lenyewe na rula. Nikapata ya plastiki, nyekundu, upana wake inchi nne na nusu, sawasawa kabisa. Nimerudi nikiimba. Mzee akaifunga, akainama, akaona ile nafasi ya kupitishia pangaboi ni finyu, plastiki inagusa mbao ya pangaboi. "Ikigusa, itakata," akasema. Nikamwambia tuichonge. Akaifungua, akaizungusha juu ya msumari. Kila ikisimama, upande uleule unarudi chini. "Ina uzito upande mmoja. Itatikisa injini mpaka ing'oke." Akaniwekea mkononi kama mtu anayerudisha embe bovu.

Hapo uvumilivu ukaniisha.

"Mzee wangu, shikamoo yangu iko palepale, lakini niambie. Hii kofia kazi yake hasa ni nini?"

Akakuna kidevu. "Inapendezesha. Na upepo unapita vizuri kidogo."

"Bila kofia haipai?"

Akageuka kupangusa pangaboi.

"Mzee?"

"Inapaa."

Wiki tatu! Nilikaa chini kwenye tope.

"Wewe," akasema, "bila shati si unatembea vizuri tu? Mbona kanisani huendagi hivyo?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Kisha nikaona anaukunja ule mkono wa shati uliochanika, anauficha kwapani. Mzee haogopi injini. Anaogopa kuchekwa mara ya pili na watu walewale. Na mimi ningewezaje kumlaumu, mimi niliyeshindwa kumuuliza fundi swali moja kwa aibu hiyohiyo, nikatuponza sote wawili?

Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia tuirushe kesho asubuhi pua ikiwa wazi, nati na washa yake ya chuma tu, na wakicheka nitasimama pale pale alipo yeye. Nikamwambia na habari ya Tumaini, ambayo sikuwahi kumwambia.

Hajasema ndio. Ameniuliza tu kwelea hushuka saa ngapi, halafu akaanza kuchuja petroli.

Kesho injini ikiwashwa, mkia wa eropleni nitaushika mwenyewe mpaka aniambie niachie.