Bei Uliyonitajia Jikoni

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani, wewe, shemeji na wapwa zangu wale watundu. Mgongo unaendeleaje? Mimi mwili mzima, nashukuru, ila moyo hauko mahali pake. Tafadhali barua hii usimsomee Mama kabla hujaimaliza mwenyewe.

Ujumbe wako niliupata. Unasema kampuni yetu ile inayotukodisha mafundi wa kompyuta kwa wateja imekuita tena Jumatatu, kuna mteja mpya, na safari hii utakubali hata nusu ya bei yako ya zamani, kwa kuwa bila shaka kazi yako ilikuwa na kasoro, la sivyo wasingekuondoa pale ofisi ya bima. Shemeji naye kaniambia umerudia kusoma vitabu vya wanafunzi. Wewe! Wewe uliyenifundisha hata kushika kebo! Nikasingizia simu inakatakata.

Huku ofisi ya bima kazi inaendelea. Nashinda kwenye chumba chako kile cha seva, baridi ya kiyoyozi inaingia mpaka mifupani. Dada wa mapokezi bado anakuulizia. Anasema ulikuwa ukitengeneza kompyuta yake bila kumfanya ajione mjinga, na mimi nikimaliza kumsaidia anabaki ananuna. Kiti chako sijakipandisha. Nakaa magoti juu kama panzi, wenzangu wananicheka, nami nawaambia nimezoea.

Unaikumbuka siku ile jikoni, unamenya viazi, mimi najiandaa kwenda kuonana na kampuni? Ulinieleza kwamba maswali yote ni kelele tu isipokuwa moja: kwa siku unataka kiasi gani. Ulisema wanamwuliza kila fundi peke yake, wanatukataza kuambiana, kisha wanamtoza mteja zaidi na kinachozidi kinabaki kwao. Ukavunja katazo lao, ukanitajia bei yako mwenyewe ili wasije wakanipunja. Ukanionya nisijiuze kama nyanya za jioni, ambazo mwenyewe anataka tu zimtoke aende zake nyumbani. Tulicheka mpaka shemeji akaja kuuliza kuna nini.

Sasa dada, nisikilize. Nilikwambia kampuni ilinipeleka ofisi ya bima kwa sababu nafasi yako ilikuwa wazi. Nilikudanganya. Siku ile ile ya mahojiano, yule mama anayepanga mafundi aliniambia nafasi hakuna, labda kwa mteja mmoja wa bima ambaye tayari ana mtu, na huyo mtu mkataba wake unakaribia kuisha. Nilijua ni wewe. Akaniuliza bei. Nilikuwa nimechoka kulala sebuleni kwako, nimechoka kukuomba hata nauli mbele ya watoto. Nikachukua bei uliyonitajia, nikashuka chini yake kwa robo nzima. Yule mama wala hakushtuka, alitabasamu tu akaandika. Jioni nikarudi kwako, nikala chakula chako, na ulipouliza nikasema wataniita.

Kwa hiyo kazi yako haikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ni mimi.

Na bado kuna hili. Juzi mhasibu wa hapa alinidokeza kwamba wanailipa kampuni kiasi kile kile walichokuwa wakilipa enzi zako. Ile robo haikumpunguzia mteja hata senti, imelala mfukoni mwa kampuni. Nimekutoa dada yangu kwenye kiti chako kwa faida ya watu wasiojua hata jina la Mama yetu. Naona aibu, dada. Naona aibu hata kunawa uso mbele ya kioo.

Ningependa kukuandikia kwamba nimeacha kazi. Sijaacha. Kila asubuhi najiambia leo nitaongea na yule mama, nikifika naketi nafanya kazi. Ndivyo nilivyo, umjue anayekuandikia.

Lakini Jumatatu usishushe, nakuomba. Taja bei yako ile ile, kisha ongeza. Wakikuambia kuna fundi wa bei nafuu, waambie unamjua, umemlea wewe, na hafiki nusu yako.

Nisalimie wote walio tayari kupokea salamu zangu. Ukikaa kimya nitaelewa, ukija kunitukana nitafungua mlango.

Ni mimi mdogo wako,
Nyanya ya jioni.