Mtoto Aliyeletwa Akinukia Sabuni

Handeni

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Naanza na goti kwa makusudi, maana wewe ukiulizwa hali hujibu salama tu hata kama umeamka unajikokota kwa kushika ukuta. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia uitumie wewe, usiigawe kwa majirani. Mimi huku mwili ni mzima, nakula, nalala. Moyo ndio haujatulia, na ndio sababu ya kukuandikia.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Lakini simu yako, Mama, ni ya ukoo mzima. Nikipiga unaweka sauti kubwa, shangazi Asumini anaitikia kabla yako, na mjomba Mfaume anataka kujua bei ya mahindi ya huku. Haya ni yako peke yako. Nimeandika herufi kubwa kama zile za kitabu chako cha elimu ya watu wazima ili usome mwenyewe taratibu. Tafadhali usimpe Fadhila akusomee.

Kila Jumatano mimi na nesi Mwanahawa, Mshambaa wa Korogwe, tunatoka hospitali kwenda vijijini kwa kliniki ya mkoba. Tunatundika mzani kwenye boriti ya ofisi ya kijiji, watoto wanavalishwa ile kaptula ya kuning'inizia, wanalia, kadi zinajazwa. Halafu nasimama kuzungumza na wazazi. Kazi hiyo naipenda kuliko zote. Nawaambia mtoto anyonye tu mpaka miezi sita, hata maji asipewe. Uji usiwe wa unga mtupu, utiwe karanga au dagaa waliopondwa. Anayeharisha anyweshwe, asinyimwe maji. Chandarua ni cha kulalia, si cha kufugia vifaranga, na hapo kina mama hucheka na kutazamana, maana kila mmoja anajua ni nani anayesemwa. Hata Wamasai wanaotoka mbali na ng'ombe wao hukaa pembeni wakasikiliza mpaka mwisho.

Unaujua ulimi wangu. Ulinionya tangu nikiwa mdogo kwamba utanifikisha pabaya. Huku wananiita Daktari Mkali, na nakiri kwamba jina hilo nililifurahia. Niliona ukali unasaidia.

Sasa kulikuwa na bibi mmoja, Bibi Mwantumu, ambaye alikuwa akimleta kliniki mjukuu wake Athumani. Mtoto alikuwa na mwaka na nusu, mnene, mcheshi, akikuona anakunyooshea mikono hata kama hakujui. Mama yake, Zaina, ni binti mdogo tu aliyeolewa pale kijijini akitokea Mnyuzi, kule Korogwe, na mumewe yuko Dar kwenye kazi ya ujenzi. Kwa hiyo mwenye sauti nyumbani ni bibi. Siku moja akamleta Athumani na kamba nyeusi shingoni, nyingine kifundoni, masizi ya dawa kwenye utosi, na mwili mzima unanuka moshi wa majani. Mtoto alikuwa na homa juzi yake, bibi akamkinga na degedege.

Degedege la huku ni lile lile la huko kwetu Newala. Wanasema ni la kienyeji, na kwamba mtoto aliyeshikwa nalo akichomwa sindano haioni jioni. Mimi neno hilo likinifikia masikioni damu inachemka. Unajua kwa nini.

Nilichukua mkasi wa Mwanahawa nikaikata ile kamba ya shingoni mbele ya watu wote. Nikainyanyua juu. "Mnaiona hii? Hii ndiyo inayomaliza watoto wenu. Bibi mzima, na mvi zote hizo, unamleta mtoto kwangu mchafu hivi?" Watu wakacheka, wengine kwa kuniogopa. Bibi Mwantumu alisubiri nimalize niitupe chini, akainama akaiokota kamba yake, akaifunga kwenye pindo la khanga. Mwanahawa aliniambia njiani, "Daktari, leo umezidisha." Nikamwambia anyamaze, tunaokoa maisha.

Wiki chache baadaye, siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, bodaboda ikasimama mbele ya wodi ya watoto. Wakashuka Zaina na bibi, na Athumani katikati yao. Mama, mtoto alikuwa amependeza. Alikuwa na shati jeupe la Idi limefungwa vifungo mpaka shingoni, mwili unang'aa mafuta, nywele zimechanwa, ananukia sabuni. Shingoni hakuna kamba, kichwani hakuna sizi. Nikafurahi. Nakuambia ukweli wangu wote, kabla sijamgusa nilifurahi, nikajisemea kumbe somo liliingia.

Kisha nikamgusa. Miguu ya baridi, kichwa cha moto. Nilimfinya hakulia. Viganja vilikuwa vyeupe kama havijawahi kuwa na damu. Nikasema kwa sauti ile ile yangu, "Mbona mmechelewa?" Bibi akajibu, "Tumekuja, daktari."

Tulimpa sukari, tukamchoma dawa ya malaria, tukamwekea hewa, tukapata na damu ya kumwongezea. Mwanahawa alikuwa ameshika mguu wake mdogo wakati wote akiusugua upate joto. Athumani alikata roho adhana ya adhuhuri ikiwa bado haijamalizika. Zaina alianza kumfungua vifungo vya shati kimoja kimoja, kana kwamba ameona mtoto anasikia joto.

Nimeshapoteza watoto wengine, Mama, kazi yangu haikosi hayo. Lakini huyu sikuweza kumwacha wodini nikaenda kula. Harufu ya ile sabuni ilikuwa imebaki mikononi mwangu.

Siku ya tatu nikaenda na Mwanahawa kuhani. Kwao ni upande wa njia ya kwenda Korogwe, ukishuka barabarani unatembea katikati ya mahindi. Nilitegemea wanawake wanigeuzie mgongo, na wangekuwa na haki. Bibi Mwantumu akasogea akanipa nafasi kwenye mkeka wake. Halafu nikamuuliza, safari hii kwa sauti ya chini, degedege lilimshika mtoto saa ngapi.

"Alfajiri, mwanangu," akasema. "Kulipokuwa kunapambazuka. Tulimfukiza kidogo, tukamfunga kamba, ndivyo tunavyojua. Akatulia. Zaina akasema mama, twende hospitali, daktari alisema tumpeleke. Nikamwambia twende, lakini si hivi. Yule daktari siku ile alinigombeza mbele za watu kwa uchafu. Safari hii asituone wachafu. Tukachemsha maji tukamwogesha. Masizi hayatoki upesi, ujue, tulirudia sabuni mara tatu. Shati lilikuwa kwenye kamba bado bichi, tukalisubiri. Alikuwa ametulia, daktari. Tukaona nafasi tunayo."

Akanigusa goti. "Hukutugombeza kwa uchafu siku hiyo. Nilimwambia Zaina, umeona, leo hakutugombeza."

Mama, sikuwa na pa kuficha uso. Kutulia kule hakukuwa nafuu. Mtoto alikuwa ameshazimia, na sukari inamwishia mwilini wakati wao wanasubiri shati likauke. Na walikuwa tayari kuja! Sindano hawakuiogopa tena, hilo somo lilikuwa limeingia kweli. Waliniogopa mimi. Nililia pale mkekani mpaka bibi mwenye msiba ndiye akawa ananibembeleza mimi mgeni. Zaina hakunitazama hata mara moja. Baada ya arobaini alirudi kwao Mnyuzi, na sidhani kama atarudi. Nimewahi kufika mpaka Korogwe nikitaka kwenda kumwona, nikasimama stendi nikijiuliza nikifika nitamwambia nini. Nikapanda gari nikarudi Handeni.

Siku hizi kliniki naanza na maneno mengine kabla ya uji na chandarua. Nawaambia: "Mtoto akiugua mleteni hivyo hivyo alivyo. Na kamba yake shingoni, na masizi, na kinyesi kama amejichafua. Sitauliza. Akishikwa na degedege mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mbebe uje. Akitulia usiseme amepona, ndiyo kwanza ukimbie. Kumwogesha nitamwogesha mimi." Juzi mama mmoja alinijaribu. Alikuja na mtoto mwenye hirizi mbili kubwa, akasimama mbele yangu akisubiri mkasi. Nikazisogeza pembeni kwa kidole, nikasikiliza kifua. Bibi Mwantumu hajaja kliniki tangu hapo, maana hana tena mtoto wa kuleta.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda tangu mstari wa kwanza.

Unakumbuka nilipokuja likizo nikiwa mwaka wa tatu wa udaktari. Tulikuwa barazani tunabangua korosho, shangazi Asumini yupo, majirani wapo. Mtu akamtaja marehemu mdogo wangu Issa, na mimi na elimu yangu mpya nikasema, "Issa hakuuawa na degedege. Aliuawa na kucheleweshwa. Mama alikaa naye." Wewe ulinyanyuka ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Kesho yake ulinifungia korosho za kupeleka chuoni kama kawaida.

Nilisema vile kwa sababu nilikuwepo, Mama. Nilikuwa na miaka tisa, na niliyaona. Issa alikuwa kwenye mapaja yako uani, kichwa kimelegea, na wewe unamwogesha kwenye beseni la bluu, unamsugua shingo na kifua, unamsugua sana, na huku unalia. Miaka yote nilikuwa nikijiuliza ni mama gani huyu anayeogesha mtoto anayekufa badala ya kukimbia naye zahanati. Swali hilo ndilo lililonifanya niwe daktari, na ndilo lililonifanya niwe mkali. Sikuwahi kukumbuka yule nesi wa zahanati yetu ya wakati ule. Nimemkumbuka pale mkekani kwa Bibi Mwantumu. Mrefu, na sauti yake ilikuwa inafika mpaka barabarani akiwafukuza kina mama kwenye foleni waende kwanza kuwatoa watoto wao uchafu wa waganga.

Nisamehe, Mama. Nilikushtaki mbele za watu kwa kosa ambalo halikuwa lako, kisha nikaja huku mbali nikavaa koti la yule nesi.

Nisalimie mjomba Mfaume anayekutengenezea paa, mwambie mahindi yameshuka bei. Shangazi Asumini mpe salamu, na mwambie maneno niliyosema siku ile ya korosho nimeyafuta, ataelewa. Fadhila mdogo wangu asome kwa bidii na akusaidie kuchota maji, goti hilo si la kubeba ndoo. Majirani wa kisimani nao wote.

Nimeomba likizo. Nikija sitaki tukae barazani. Tukae uani, mimi na wewe, unisimulie Issa alikuwa mtoto wa namna gani, alikuwa akipenda nini, akicheka vipi. Nimekaa miaka yote hii najua tu alivyokufa.

Mimi mwanao, niliyekushikia sabuni siku ile,

Somoe