Hidari, Njia ya Kushoto Pale Makambako

Baba yangu mpendwa,

Kamwene. Nimelitanguliza neno la nyumbani mbele ya mengine yote, kwa kuwa huku Ujapani hakuna wa kuniitikia nikilitamka, nami nimechoka kuliambia dirisha. Je, goti lako limepatana na baridi ya mwaka huu, au bado mnagombana kila asubuhi? Mama hajambo? Na ukungu wa Matembwe, bado unalala bondeni mpaka jua liwe juu?

Mimi ni mzima. Hapa nilipo pia pana ukungu na pana baridi. Wenzangu waliotoka nchi za joto hujifunga mablanketi hata wakiwa mezani, nami hupita katikati yao nimevaa shati tu, nikijivuna kana kwamba baridi nimeifuma mwenyewe. Nimewaambia kwamba baridi ya namna hii kwetu huwapa watoto waichezee. Hawakuamini, wakazidi kujifunga mablanketi.

Ninajua unangoja habari moja tu, nayo ni ya leseni. Nitakufikisha huko, ila uniruhusu nipite njia ndefu, kwa maana ndiyo niliyoipita mwenyewe.

Unakumbuka ubishi wetu wa mwisho, pale Makambako, basi likiwa limekwisha kupiga honi. Nilikueleza kuwa shule yetu ya mitambo haimruhusu mgeni kugusa trekta wala lori kabla hajapata leseni ya nchi hii, na kwamba mtihani huendeshwa kwa Kijapani. Ukasema, "Yaani mwanangu na shahada yake ya Kampala anakwenda kujifunza maneno ya motokaa? Motokaa haina masikio." Nikakujibu, "Dereva anayo, Baba." Ukacheka, ukanisukuma begani. "Haya, msomi, umeshinda. Panda basi usije ukalishinda na basi likakuacha."

Basi, nilianza na maneno. Mwalimu wangu ni mzee mwembamba aitwaye Bwana Mori, ambaye kofia haimtoki kichwani hata akila. Ulimi wake hauna herufi L inayoanza jina langu la Lutangilo, kwa hiyo ananiita Rutangiro. Alinipa maneno machache kila asubuhi, kama mtu anayemlisha kifaranga. Tomare, maana yake simama. Migi, kulia. Jokoo, nenda polepole huku u tayari kusimama. Hilo halikunipa taabu hata kidogo, kwani kila nilipolisikia nilimwona jogoo wa Mama akivuka uwanja, anainua mguu, anafikiri, ndipo anautua. Bwana Mori alishangaa kwa nini natabasamu kila ninapopunguza mwendo.

Tuligombana juu ya neno ao. Wao husema ao kwa taa inayoruhusu magari kupita. Nikafungua kamusi, nikaona ao ni rangi ya buluu. Nikamwambia, "Mwalimu, taa ile ni ya kijani."

"Ni ao," akasema.

"Macho yangu ni mazima, Mwalimu. Ni kijani kama jani."

Akanionyesha majani ya kando ya barabara. "Ao." Akanionyesha mbingu. "Ao." Kisha akaongeza, bila hasira, "Rutangiro, taa imekwisha kugeuka nyekundu. Ulipokuwa ukibishana, wenzako wamekwenda."

Baba, neno hilo lilinikaa siku nyingi. Halafu asubuhi moja, katikati ya usingizi na kuamka, niliiona milima ya Ukinga kama tunavyoiona tukisimama Njombe, ya buluu kabisa, karibu kuyeyuka mbinguni. Nikakumbuka safari yetu ya Tandala, jinsi milima ile ile ilivyogeuka kuwa ya kijani kadiri tulivyoikaribia, mpaka tukawa tunakanyaga nyasi za ule ubuluu. Mlima ni mmoja. Macho ndiyo yanayosafiri. Nikaenda kumwambia Bwana Mori kwamba nimekubali ao. Akauliza, "Nani amekushinda?" Nikamjibu kuwa ni mlima.

Lakini neno lililotaka kunirudisha nyumbani mikono mitupu ni hidari. Maana yake ni kushoto. Sasa litamke mwenyewe, Baba, kwa sauti kali ya mtu aliyeketi kando yako ndani ya motokaa. Hidari! Je, masikio yako hayasikii hadhari? Yangu yalisikia hivyo. Kichwani nilijua ni kushoto, mguuni sikujua. Siku ya mtihani wa kwanza, tukiwa tumefika penye njia nne, mtahini akasema, "Hidari." Mguu wangu, uliolelewa kwa Kiswahili, ukaikanyaga breki kwa nguvu zote. Tukasimama katikati ya njia. Nyuma yetu muuza samaki wa baiskeli alikwepa, na samaki mmoja akaruka kutoka kikapuni kama aliyekumbuka bahari. Mtahini alinitazama. Nikaanza kumfafanulia asili ya neno hadhari. Hakuandika hata moja katika niliyoyasema.

Nafasi huwa mbili tu. Anayeshindwa ya pili hurudishwa kwao. Nikawaza wazee wa chama cha wakulima, waliosema hawataagiza lori mpaka awepo kijana wetu wa kuliendesha na kulitengeneza. Nikawaza mbao za Matembwe zinazofika barabarani juu ya vichwa vya kina mama, mama yangu akiwa mmoja wao. Nikajiona nikishuka basini Makambako, nina shahada, nina maneno mengi, sina leseni. Kwa mara ya kwanza tangu nijue kusoma, sikuwa na la kubisha.

Ndipo Bwana Mori akanipeleka kwenye fumikiri, yaani mahali reli inapokata barabara. Sheria ya huku yasema kwamba hata kama huoni treni, lazima usimame, ufungue dirisha, usikilize. Nilizima maneno yote kichwani, nikafungua dirisha. Hapakuja treni. Ulikuja upepo, ukiwa na harufu ya kuni mbichi, na nakuapia nilisikia miti ya miwati ya Njombe ikisuguana, na mtu akiita mbuzi mbali sana, nami sikujua tena niko upande gani wa dunia. Nilikaa hivyo mpaka Bwana Mori akaniuliza, "Unasikia nini?"

"Kwetu," nikasema.

"Kuna reli huko?"

"Kijijini kwetu hakuna hata moja."

Akauliza kwetu kunafikiwa vipi. Nikamchorea juu ya vumbi la kioo: mtu atokaye Iringa akifika Makambako, akinyoosha mbele anakwenda Mbeya. Akitaka Njombe, anakata kushoto. Bwana Mori akaweka kidole pale pale penye njiapanda. "Hidari," akasema taratibu. "Kwa hiyo kwenu ni hidari. Na hadhari yako usiitupe. Ukikata kushoto, kwanza tazama baiskeli iliyojificha ubavuni. Muulize yule muuza samaki." Akacheka mpaka akakohoa.

Tangu hapo, Baba, sikukata tena kushoto katika mji huu. Kila kona ilikuwa Makambako. Nilipunguza mwendo, nikamtazamia yule wa baiskeli, nikageuza usukani kuelekea kwenu.

Siku ya mtihani wa pili mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha. Mtahini alikuwa yule yule. Tulipofika penye njia nne, akasema, "Hidari." Mguu ulishtuka, nakiri, lakini ulishtuka kama mtu anayeitwa jina lake, si kama mtu anayetishwa. Nilitazama ubavuni, nikakata kushoto, na kwa kitambo kidogo nikaona vumbi jekundu mahali palipokuwa na lami.

Tuliporudi, mtahini alifunga kalamu yake, akasema neno moja. "Gokaku."

Sikulijua! Nilikuwa nimejifunza maneno yote ya barabarani, na hilo silo la barabarani. Uso wake ulikuwa mkavu kama ubao. Nikajua nimeanguka, na ubishi wangu wote ukaamka kwa pamoja. "Bwana, naomba unisikilize. Kwanza, kioo nilikitazama. Pili, kwenye reli nilifungua dirisha. Tatu..." Alinisikiliza akiwa amepanua macho, mpaka Bwana Mori alipokuja mbio, na safari hii kofia ilimtoka kweli.

"Rutangiro! Nyamaza! Unabishana na mtu aliyekufaulisha!"

Nimeipata, Baba. Iko mfukoni mwangu ninapoandika.

Mpe Mama salamu, na umwambie jogoo wake amenifundisha kazi. Nisalimie shangazi wa Uwemba anayefuma masweta, ajue lake halijatoboka. Shemeji fundi baiskeli wa Makambako mwambie namheshimu kila mpanda baiskeli kwa ajili yake. Mchungaji naye asiache kuniombea, maana kuna matrekta mbele.

Siku nitakayorudi na lori, usiningojee Matembwe. Simama pale Makambako, upande wa kushoto. Utaona motokaa ikipunguza mwendo kama jogoo, na dirisha litakuwa wazi. Sema lolote upendalo. Hata ukisema motokaa haina masikio, sitakubishia mpaka tufike Njombe.

Mwanao akupendaye,
Lutangilo